Nipe Mji

Watu walikuwa wa karatasi, wembamba kama njiti za kiberiti, wameketi kwenye baraza za karatasi wakinywa kahawa isiyokuwapo. Bi Hind aliwainamia pale mezani akawachambua kama mchele wa bei rahisi.

"Na huyu mbona hana shingo?"

"Ni mfano tu, bibi," alisema Allan, msanifu majengo.

"Ahaa, mfano. Nilidhani ndio wapangaji wapya."

Wakazi waliokusanyika uwanjani wakaangua kicheko. Maghorofa yao, nyuma ya soko la Kariakoo, yalikwisha kuchakaa: rangi imebambuka, mabomba yanalia machozi. Allan alikuja na mpango. Ukuta uliotenganisha jengo lao na la jirani utavunjwa, uchochoro wa zamani upite tena palepale ulipopita, na kila nyumba ya chini igeuziwe mlango uutazame uchochoro, na baraza mbele yake. Wote wa chini walikwisha kukubali, kasoro Bi Hind. Leo ilikuwa siku ya mwisho. Akikataa, upande wake utabaki ukuta mtupu.

Uchochoro huo Bi Hind alizaliwa nao. Alikuwa bado mwanamwali walipokuja mabwana wenye suruali zilizopigwa pasi zikakata kama kisu, wakasema uchochoro ni uchafu, baraza ni uvivu, mtu mstaarabu hukaa ghorofani akafunga mlango wake. Wakabomoa. Leo wamekuja wajukuu zao, ndevu wamezichonga, wamegundua (kugundua!) kwamba watu wakikaa barazani husalimiana. Hata paka wa buchani angewaambia, na bila posho.

"Mlitunyang'anya kanga yetu," alisema, "mkaipigia deki, leo mnaikunja mnatuletea zawadi. Tupige na vigelegele?"

"Bibi, mimi wakati huo sijazaliwa."

"Inaonekana."

"Mwache mtoto wa watu, Hind!"

Sauti ilitoka juu, ng'ambo ya ukuta. Jyotsna alikuwa dirishani, ghorofa ya kwanza ya jengo la jirani, ameshika nondo kwa mikono miwili. Bi Hind hakuinua uso. Zamani wawili hawa hawakupitisha Ijumaa bila kutegana vitendawili na kugombania bakuli la mwisho la bokoboko. Kisha Jyotsna akaacha kuja. Ikapita Idi, ikapita Diwali. Bi Hind naye hakwenda, kwa kuwa mara ya mwisho alikwenda yeye, na zamu ni zamu. Akaamua moyoni kwamba mwenzake amepanda ghorofani, kichwa nacho kimepanda. Rafiki wa dirishani, alimwita, na neno hilo likamtosha.

"Kitendawili!" Jyotsna aliita.

Wote wakamgeukia Bi Hind. Kukataa kitendawili mbele za watu, Bi Hind hakuwahi.

"Tega," alisema, akiutazama ukuta.

"Nimetia komeo, nimetia kufuli, na mwizi hajazaliwa."

"Kaburi."

"Umekosa."

"Sanduku la maskini."

"Umekosa, shoga. Nipe mji."

Watu wakaguna. Bi Hind kushindwa!

"Nakupa Upanga."

"Upanga nina mawifi. Baki nayo."

"Tanga."

"Mbali."

"Basi sema mwenyewe, mwanamke mwenye makuu! Wataka mji gani?"

"Nipe hapo uliposimama."

Ndipo Bi Hind alipoinua uso. Ile mikono iliyoshika nondo, ambayo siku zote aliiona ya mtu aliyejiegemeza kwa maringo, ilikuwa imekaza hadi mishipa imesimama. Haikujiegemeza, ilibeba. Goti, lile alilokuwa akililalamikia tangu zamani, limemshinda. Tangu lini? Hakuna aliyemwambia, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kulitaja jina lile mbele yake.

"Nakupa," alisema, taratibu. "Haya, jibu."

"Jibu kwanza? Aliyepewa mji sharti auendee, ndipo ajibu. Umesahau mchezo?"

"Utafikaje, na hilo goti?"

"Ngazi ni zangu, nazishuka hata kwa makalio. Barabara ndiyo siiwezi, shoga. Mikokoteni ile haina mama."

Pazia likaanguka, dirisha likabaki tupu.

"Bibi," Allan alijikohoza, "kwa hiyo mlango…"

"Utafungukia ndani au nje?"

"Ndani."

Bi Hind akampima toka viatu hadi kidevu. "Angalau hilo mmesoma. Hautamgonga mtu barazani."

Nyuma ya ukuta kitu kilianza kukwaruza ngazi, kidogo, kikatulia, kikaanza tena. Bi Hind akakaza mtandio, akashika njia ya kuzunguka, ile ndefu, ya barabarani.

"Na wewe unangoja nini?" alimgeukia Allan. "Shahada zako zote hizo, kuzisimamisha bodaboda mtu avuke hujui? Twende!"