Mwanya Uliokula Alama

Wenzake chuoni walimwita Rula, kwa kuwa hakuacha kitu bila kukipima. Siku ya mtihani wa mwisho wa meno ya bandia alikuwa ametulia kama maji ya mtungini. Mgonjwa wake, bibi mmoja mjane aliyepungukiwa meno manne ya mbele, ya juu, alipanua kinywa bila kunung'unika, na Rula akapitisha ndani kamera nyembamba, polepole. Kwenye kioo cha kompyuta kinywa kikajichora chenyewe. Programu ikapanga meno manne meupe, yamebanana kama askari wa gwaride, na pembeni ikaandika kwa kijani: tisini na moja. Alama ya kufaulu mtihani ilikuwa sitini.

"Bonyeza tuma, mwenzangu, tukale," akanong'ona mwanafunzi wa kiti cha pili.

Bibi akavaa miwani. "Hayo meno ya nani?"

"Yako, bibi."

"Yangu? Hayo ya mtangazaji wa televisheni! Mimi nina mwanya, mwanangu. Hapo katikati kinapita kijiti cha kiberiti."

"Programu imeuziba."

"Kwa ruhusa ya nani? Mwenyezi Mungu kaniumba nao. Marehemu mume wangu alikuwa akisema aliposa mwanya, mimi nikaja kama nyongeza. Tangu meno yang'oke, nikijitazama namwona mtu mwingine. Nimekuja unirudishie mimi, si unipe mtu wa tatu."

Rula akacheka. Akashika kipanya, akaanza kuyatenganisha meno mawili ya katikati. Tisini na moja ikawa themanini, ikawa sabini na mbili. Programu haikujua mwanya. Iliuhesabu kuwa kosa. Kwenye sitini na moja akasimama.

"Hapo je, bibi?"

Bibi akainamia kioo. "Hapo panapita uzi. Mimi nimesema kijiti."

Rula akaitazama namba. Akiacha hapo amefaulu, na bibi ataondoka na meno mazuri. Nani angemlaumu?

"Kama haiwezekani sema tu, mwanangu," bibi akasema kwa upole. "Nitashukuru hivyo hivyo."

Angegomba ingekuwa nafuu. Rula akasogeza tena. Hamsini na saba, kwa rangi nyekundu. Akabonyeza tuma kabla mkono haujabadili nia.

"Wewe mzima kweli?" akauliza wa kiti cha pili.

Wiki iliyofuata meno yakatoka kwenye mashine ya kuchonga. Bibi akayavaa, akapitisha ulimi, akajitazama kwenye kioo cha mkononi. Kisha akacheka mpaka machozi yakamlenga.

Mwalimu akamulika kwa tochi, akabonyeza huku na huku. "Hayachezi, hayachomi. Kazi safi. Ila alama inatoa mashine, mimi natia sahihi tu. Umeanguka, Rula. Marudio baada ya wiki tatu, na mgonjwa utafute mwenyewe." Akazima tochi. "Kila hatua imeandikwa humo. Nimeona ulifika sitini na moja, ukaendelea kusogeza. Nitawaandikia wakubwa kuhusu hiyo programu, lakini majibu hayatakuwahi."

"Sawa, Mwalimu."

Kicheko cha bibi kikakatika. "Kumbe ile namba ndiyo ilikuwa mtihani wako! Mbona hukusema?"

"Ungenikataza."

"Ningekukataza, ndiyo."

Wiki tatu Rula aliuliza majirani, shangazi, hata muuza duka. Wenye meno walikuwa nayo yote, na wasiokuwa nayo waliogopa wanafunzi. Asubuhi ya marudio alifika mikono mitupu, akamkuta bibi mlangoni, amemshika mkono bibi mwingine mwenye midomo iliyobonyea.

"Mdogo wangu huyu, tumbo moja. Usihofu, meno yake yalibanana tangu utotoni. Mwanya hakujaliwa, na jambo hilo limemuuma miaka sitini."

"Dada," mdogo mtu akalalamika, "si ulisema twaja kunywa chai?"

"Chai utakunywa ukishapata cha kutafunia mkate. Ingia."

Rula akawafungulia mlango, akaenda kunawa mikono.