Uso wa Helen

Mourine Achieng alipoacha kuandika mabango ya saluni na bucha mjini Migori, fundi aliyemfunza, mzee Omosa, alimwambia wazi kwamba hapa hakuna mtu anayenunua picha ya kuangalia tu. Watu wananunua picha inayowaonyesha nyama iko wapi. Mourine alicheka, akafunga brashi zake kwa gazeti, akakodi chumba nyuma ya duka la mbolea ili awe mchoraji wa kujitegemea.

Omosa hakukosea sana. Kwa miaka miwili Mourine alichora ziwa, viboko, na akina mama wa Sori wakianika dagaa wa omena. Watu waliingia, wakasifu, wakatoka. Picha zikajaa chumba mpaka akawa analala katikati yake.

Kisha mtungi wa gesi ukalipuka kule Rodi Kopany, ndani ya saluni ya dada yake mkubwa, Helen.

Helen alikuwa mrembo wa kusimamisha watu njiani. Alipotoka hospitali, upande wa kushoto wa uso ulikuwa umevutwa chini, jicho halifungi vizuri, mdomo umepinda. Mchumba wake alikuja mara moja, akaongea na ukuta, akaenda zake. Helen hakutaka kurudi kwa mama yao, ambako majirani wangekuja kumpa pole kwa zamu huku wakimchungulia. Akaenda kwa Mourine. Mourine alimpa kitanda, yeye akalala sakafuni. Alimpaka dawa, akampikia uji, akaficha kioo. Alimpenda dada yake, na kwa hilo hakuwa akiigiza.

Lakini dawa za maumivu zilimlaza Helen mchana, na mwanga wa dirishani uliangukia upande ule ulioungua. Mourine alianza na penseli, akaenda kwenye rangi. Aligundua kuwa ngozi ile ilikuwa na rangi ya waridi na zambarau, na mahali pengine ilimeta kama nta. Kwa mara ya kwanza maishani mkono wake ulikwenda wenyewe.

Siku moja Helen aliamka mapema.

"Mourine, unafanya nini?"

"Mazoezi tu."

"Lete nione."

Helen hakuwa ameuona uso wake tangu mlipuko. Aliuona hapo, kwenye turubai, rangi zikiwa bado mbichi.

"Hivi ndivyo nilivyo?"

Mourine aliweka brashi chini.

"Niapie hakuna mtu ataiona hii."

"Naapa, nyamera, dada yangu."

"Ichome."

"Nitaichoma."

Lakini aliigeuza tu, ikatazama ukuta nyuma ya zile nyingine, na ikakaa hivyo.

Mwezi uliofuata, Helen akiwa kliniki, alifika mwanamke aitwaye Valentine, mwenye hoteli kubwa kando ya ziwa kule Homa Bay. Alikuwa akitafuta picha za ukumbi wake. Alipita mbele ya viboko na omena bila kusimama. Alipofika pembeni, akaigeuza ile iliyotazama ukuta, akashika kifua.

"Hii ni nani?"

"Hiyo siuzi, madam."

"Basi huna kitu cha kuniuzia. Hizi zingine ni za kalenda."

Valentine alikuwa tayari mlangoni Mourine alipomwita arudi. Alijiambia Helen hatoki nje. Alijiambia Homa Bay ni mbali. Picha ilifungwa kwa blanketi na kutiwa garini kabla Helen hajarudi kutoka kliniki.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Wageni walisimama mbele ya picha ile wakatokwa na machozi. Mwandishi wa gazeti akaja hotelini, halafu watu wa televisheni, na watu wa jumba la sanaa kule Nairobi wakamwita Mourine kwa mazungumzo. Helen alipouliza mafanikio haya yametoka wapi, Mourine alimwambia watu wameanza kupenda viboko. Helen akamkumbatia, akalia kwa furaha.

Furaha hiyo ndiyo iliyompa Helen ujasiri. Mama mmoja wa kanisani alimwambia kuna hoteli Homa Bay inatafuta mtu wa kufua na kupiga pasi shuka, kazi ya chumba cha nyuma, isiyo na wageni. Mourine akiwa Nairobi, Helen alijifunga leso hadi machoni, akaenda bila kumwambia. Alitaka kumshangaza.

Msichana wa mapokezi, Cate, alimwomba kwa upole ashushe leso, maana hoteli ilikuwa na sheria zake. Helen akashusha.

"Yesu! Ni wewe!" Cate akapiga kelele. "Ni yule wa picha! Oliver, njoo uone, ni yule mama wa picha!"

Wapishi walitoka jikoni. Wageni waliinuka mezani. Mtu alimshika bega, akamgeuza aelekee ukuta mkubwa, na pale juu, ndani ya fremu kubwa, Helen alikuwa amelala mdomo wazi. Watu wakapanga foleni kupiga picha naye, wakimwomba alaze kichwa kama vile. Valentine alishuka ngazi akiwa amefungua mikono. Alimwambia asahau kufua. Angempa kazi ya kukaa tu pale chini, wikendi, wageni wamwone.

Mourine alipofika Migori, alimkuta Helen amekaa juu ya begi.

"Nimekutana na mimi Homa Bay," Helen alisema.

"Helen, watu wanalia wakiiona."

"Wanalia, halafu wanaagiza soda."

"Nilitaka kuichoma. Kweli." Mourine alipiga magoti mbele yake. "Kama ingekuwa picha mbaya, ningeichoma."

Helen alimtazama kama mtu asiyemjua, akabeba begi lake.

Mama yao ndiye aliyesema, baada ya mwaka mzima, kwamba Helen yuko Ogwedhi, anauza chai kwenye soko la ng'ombe. Mourine alikwenda. Alimkuta Helen nyuma ya sufuria, uso wazi, akipiga kelele na wachuuzi wa ng'ombe waliojali chai yake tu.

"Umekuja kuomba msamaha ama kuangalia?" Helen aliuliza.

"Msamaha."

"Basi ongea ukiangalia chini."

Mourine akainamisha kichwa. Alisema yote: kiapo, blanketi, uongo wa viboko. Alilia machozi ya kweli, yakadondoka vumbini. Helen alisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kumimina chai. Mourine alipomaliza, hasira ilikuwa imelegea kidogo kwenye sauti ya Helen.

"Kunywa chai uende. Tutaona."

Mourine alikunywa. Alirudisha kikombe, akashukuru, na akiwa anageuka kuondoka, macho yake yaliinuka. Kovu lilikuwa limekomaa. Waridi lilikuwa limekwenda, na mahali pake palikuwa na rangi ya shaba iliyofifia ambayo hakuwahi kuiona popote. Alisimama. Alisogea nusu hatua upande, ili jua liangukie uso ule vizuri.

"Nilijua," Helen alisema taratibu. "Enda. Ushapata ulichofuata."

Mourine alirudi Migori jioni hiyo. Alikaa chumbani akilia mbele ya turubai tupu, kisha akaanza kuchanganya rangi ya shaba kabla haijamtoka kichwani.