Maji ya Kamwamba Yanakoanzia

...maana ukiinua mkono huulizwi kitu, ukiuacha chini ndipo kesi inapoanza, Wangechi anajua hivyo tangu siku za kamati ya kanisa, na sasa amesimama kwenye mchanga mkavu wa kijito cha Kamwamba pamoja na wenzake wa chama cha maji, mwenyekiti Gachau anahesabu mikono ya wanaotaka Nekoye afukuzwe na pampu yake, saba, nane, "nyinyi wa nyuma inueni juu nione," na Nekoye, mama mpangaji anayelima sukuma wiki pale kwenye kona, anajitetea, "Mimi nawasha kwa saa moja tu kila asubuhi, mzee, saa moja tu," nani wa kumsikiliza, mgeni akikosa ndugu hupewa lawama zote, lakini mpira wa pampu yenyewe ni mwembamba hivi, kidole gumba tu, ungemalizaje kijito kilichokuwa kikibeba viatu vya watoto kila Aprili... ebu kifuate kutoka juu, Wangechi, usianzie katikati, kinatoka bonde la shamba lako, kinapita mashamba ya nduma ya kina Muriithi, kinapokea kamfereji ka upande wa shule, kinazunguka mawe meusi, ndipo kimfikie Nekoye, halafu kiteremke mpaka mbuzi wa kijiji cha Ngoliba wanywe, "kumi," anasema Gachau, na huko juu kuna nini? kuna mikaratusi sitini ya Zacharia mumeo, ya Zacharia peke yake? marehemu alichimba mashimo, miche aliishika nani? palikuwa na kinamasi pale, matete na mkuyu mmoja mkubwa, mama mkwe akawaambia mkuyu hulinda maji, wakamcheka, wakaukata, wakapanda mikaratusi makusudi, ndiyo, makusudi kabisa, ikaushe tope wapate pa kupanda mahindi, ikakausha kweli, misimu miwili tu, majirani wakaja kupongeza na kuomba miche... "Huyu mama atoke leo leo, ametumaliza!" ni Austine huyo, anayeishi chini kabisa na anabeba mitungi kwa pikipiki, ana haki ya kukasirika, hasira yake tu ndiyo imepotea njia... na Zacharia hospitalini, mkono wake mkavu, "Mama Becky, hiyo miti usiguse, ndiyo nimekuachia," Wangechi akaapa, angefanyaje, akaapa akilia, na kaburi liko papo hapo kivulini, watu watasema amengoja mume aoze ndipo avunje neno lake, waseme, mdomo ni jumba la maneno, Zacharia mwenyewe akiona mchanga huu angekuna kichwa na kutafuta shoka, au asingetafuta, alikuwa mbishi yule, alimpenda hivyo hivyo na anampenda mpaka leo, na walikosea wote wawili, lakini aliyebaki wa kurekebisha ni mmoja, basi Musembi mkata miti aje Jumatatu na msumeno, yote sitini, na visiki ving'olewe kwa sababu mikaratusi huchipuka tena, na ipandwe mikuyu, hata kama maji yatarudi yeye akiwa mzee wa kushikwa mkono, "kumi na moja, Mama Becky, na wewe? mbona umetuliza mkono?" nyuso zinageuka, Nekoye naye anamtazama, hajui aombe au anyamaze, mchanga ni mkavu vilevile na hesabu bado ni kumi na moja, Wangechi anaona haya mpaka masikioni, lakini atawataja waliokausha maji haya, na ataanza na jina lake mwenyewe.