Marobota Mia Tisa

Fahali alipombana mzee kwenye nguzo za zizi na kumvunja nyonga, watoto wake wote watatu walifika hospitali siku ileile. Wawili wa kiume walikaa siku mbili, wakarudi mjini kwenye shughuli zao. Kitinda mimba, binti aliyekuwa akipima maziwa kwenye maabara ya kiwanda, alikwenda kuaga kazini kwake, akarudi na sanduku moja la nguo na viatu vya mpira.

"Umekuja kuniuguza?" mzee alimuuliza.

"Kukuuguza yupo mama. Mimi nimekuja kufanya kazi, Baba."

Mzee alikuwa amefuga tangu ndevu hazijamwota, kwenye ardhi aliyoachiwa na baba yake, na siku zote hizo hakuwahi kufikiri kwamba ranchi ingeshikwa na mwanamke. Lakini nyonga ilikuwa imefungwa vyuma, na mtu aliyelala chali hana ubavu wa kubishana.

Mwezi wa tatu tangu aumie akaanza kukaa barazani na magongo yake mawili. Kutoka pale aliliona zizi, josho na birika la maji, na aliona kila kitu ambacho wachungaji walikifanya kinyume na alivyotaka. Hapo ndipo binti alipomjia na daftari.

"Baba, ng'ombe thelathini waende mnadani."

"Thelathini katika themanini? Unajua unachosema?"

"Wale waliozeeka na wasioshika mimba. Mvua ya mwaka huu imepita kama mgeni mwenye haraka. Tusipochagua wenyewe wa kubaki, kiangazi kitatuchagulia."

"Na Madoa?"

Madoa ni ng'ombe aliyezaa nusu ya mitamba yote iliyokuwa zizini. Binti aliangalia chini.

"Na Madoa, Baba. Meno yamekwisha."

Ng'ombe wakaenda. Mzee akamnunia mwanawe wiki nzima. Mezani alikuwa akimwomba mkewe chumvi, ilhali chumvi iko mbele ya binti. Binti naye alikuwa akiisogeza kimyakimya na kuendelea kula.

Kilichofuata kilimshangaza mzee zaidi. Bonde la chini, lenye nyasi nzuri kuliko mahali pengine pote, lilizungushiwa waya na ng'ombe wakakatazwa kuingia. Nyasi zilipofika kiunoni, binti na wachungaji wanne wakazifyeka, wakazianika, kisha wakawa wanazishindilia ndani ya kasha la mbao alilotengeneza seremala, na kuzifunga kwa kamba ya katani. Kila robota likabebwa begani hadi kwenye banda la zamani la trekta.

Jirani yao, aliyeitwa Kofia kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona kichwa wazi, alisimama kwenye waya akatazama kazi ile mpaka akachoka.

"Mzee mwenzangu," alisema alipofika barazani, "huyu binti yako anataka kuezeka dunia nzima?"

Mzee akacheka naye. Kofia alipoondoka, kile kicheko kilimkaa vibaya kifuani. Anayechekwa alikuwa mwanawe.

Banda lilijaa hadi kwenye mabati. Marobota mia tisa.

Mvua iliyofuata haikuja kabisa. Lambo walilokuwa wakinyweshea ng'ombe likanywea hadi likabaki tope lenye nyufa. Kwa Kofia, ng'ombe walianza kuanguka mmojammoja, na kila asubuhi tai walikuwa juu ya uzio wake. Wafugaji wawili wa upande wa barabarani wakachoka, wakaiuzia ardhi kampuni iliyokuwa ikikata viwanja. Haukupita muda, kaka mkubwa akafika kutoka mjini na mtu wa kampuni hiyo, aliyevaa viatu vinavyong'aa na kubeba ramani iliyoviringishwa.

Wakaketi sebuleni. Kaka mkubwa hakuwa mtu mbaya. Alizungumza taratibu, macho yakiwa kwenye magongo ya baba yake.

"Baba, majira siyo yale uliyoyazoea. Dawa ya kupe imepanda, chanjo imepanda, na vijana hawataki tena kufuga. Wewe umeumia. Kesho na keshokutwa nani atabaki hapa?"

Maneno hayo mzee alikuwa amejiambia mwenyewe mara nyingi pale barazani. Akamtafuta binti yake kwa macho. Kiti chake kilikuwa kitupu.

"Mwenzenu yuko wapi?"

"Analisha," alijibu mkewe. "Amesema ng'ombe hawajui kikao."

Mzee akashika magongo, akainuka. "Basi twendeni hukohuko."

Tangu aumie hakuwa ameshuka ngazi za baraza bila kushikwa. Alizishuka, jasho likimtoka, akavuka uwanja wa vumbi hadi zizini. Ng'ombe walikuwa wamejipanga mbele ya nyasi wakitafuna. Mbavu zilionekana kidogo, hilo hakuweza kulikataa, lakini walisimama imara, macho maangavu, na ndama sita wakiwapita katikati ya miguu. Binti, makapi kichwani, alikuwa akikata kamba za robota kwa mundu.

Kaka mkubwa alipita akiwakagua mmojammoja. Alizaliwa hapo, alijua ng'ombe anavyokuwa mwisho wa kiangazi.

"Wamekufa wangapi?" aliuliza hatimaye.

"Mmoja," alisema binti. "Aliumwa na nyoka. Kwa nyoka sikuwa na mpango."

Kaka mkubwa akacheka bila kutaka. Akavua koti, akalitundika kwenye nguzo, akaingia bandani na kutoka na robota begani, suruali yake ya ofisini ikijaa makapi. Mtu wa kampuni aliitazama ramani yake, kisha akaiweka kwapani.

"Ramani yako ni nzuri," mzee alimwambia kwa upole. "Ila hapa pana mtu."

Mvua ilikuja baada ya wiki saba, marobota arobaini na moja yakiwa yamebaki. Afisa mifugo naye akaja kuchanja na kuandikisha wafugaji upya, akaketi barazani na fomu zake. Alimfahamu mzee kwa miaka mingi, akaanza kuandika jina lake bila kuuliza.

"Futa hapo," mzee alisema. "Penye mfugaji, mwandike huyu binti yangu."

Afisa akawatazama wote wawili. Binti alikuwa amesimama na bomba la chanjo mkononi.

"Na wewe, mzee, nikuandike nani?"

"Andika baba yake."

Fomu haikuwa na nafasi ya namna hiyo. Afisa aliangalia juu na chini, mwishowe akaandika pembeni, kwa herufi kubwa, na mzee akaomba aione kabla haijafungwa kwenye faili.