Sahani ya Mgeni

Ukitaka kulijua joto, funga madirisha yote, zima feni, washa mishumaa chumba kizima, halafu vaa sweta la sufu. Ndivyo alivyofanya Bwana Mabomba jioni ya mkesha wa Krismasi. Feni ingezima mishumaa, na jua lingeharibu sherehe, maana kwao Krismasi huja na giza na baridi ya kugonganisha meno. Jina hilo alipewa na mafundi wa maji aliowasimamia kulaza mabomba ya mji. Jina lake halisi liliwashinda kulitamka. Huu ulikuwa mwaka wake wa kwanza ugenini bila mkewe, ambaye walimzika kwao kabla ya mvua.

Jikoni, mpishi wake Mama Pacha alilowa jasho kama aliyenyeshewa. Samaki alikuwa tayari, supu ya uyoga tayari, mikate ya asali tayari. Kisichokuwa tayari ni moyo wake. Bintiye alikuwa amefika nyumbani kwake, ng'ambo ya mji, pamoja na mumewe na mtoto mchanga, mjukuu wa kwanza, ambaye Mama Pacha alikuwa bado hajamtia machoni. Walikuwa wapita njia tu, wanaelekea ukweni, na basi lao lingeondoka usiku huohuo. Asubuhi alikuwa ameomba ruhusa, na bosi akamjibu kwa upole, "Tukishakula tu, mama, nenda."

Lakini mezani aliziona sahani mbili.

"Bosi, hii ya pili ya nani?"

"Ya mgeni."

Mama Pacha akaona afadhali. Mgeni aje, ale, aende zake. Akatoka mpaka getini kumwambia mlinzi, ambaye wote walimwita Afande, kwa kuwa alistaafu upolisi lakini upolisi ulikataa kumstaafu.

"Afande, kuna mgeni anakuja. Tafadhali usimhoji kama mwizi wa kuku."

"Anafananaje?"

"Nitajuaje? Mwenye njaa."

Jua likashuka, barabara ikapungua watu, mgeni haonekani. Afande akaanza kusimamisha wapita njia. "Wewe ndiye mgeni?" alimwuliza muuza mkaa mmoja.

"Mgeni wa nani? Mimi kitovu changu kimezikwa mtaa huu!"

Mama Pacha akatazama juu. Bosi alikuwa amemweleza kwamba hawagusi chakula mpaka nyota ya kwanza itokee. Na nyota ile pale, imetoka, inakonyeza. Akarudi ndani mbio, akamkuta Bwana Mabomba ameketi, amejifunga leso shingoni, anajipakulia supu.

"Hatumngoji?"

"Nani?"

"Si mgeni wako!"

"Aa, yule. Yule huwa haji."

Mama Pacha alishika kiuno. Tangu mchana anakaanga roho yake kwa ajili ya mtu asiyekuja! Bwana Mabomba akaona uso wake, akaweka kijiko chini, akamweleza. Ni desturi ya kwao. Usiku huu kila nyumba huweka sahani moja ya ziada, kwa ajili ya yeyote atakayebisha hodi bila kualikwa. Bibi yake aliiweka, mama yake akaiweka, mkewe naye vilevile.

"Na nani amewahi kuja?"

Alifikiri. "Hakuna."

"Hata mara moja?"

"Huwa tunaiosha tu, inarudi kabatini. Nenda, mama, usichelewe. Vyombo nitaosha mimi."

Mama Pacha akachukua mkoba wake, akatoka. Njiani kuelekea getini alijisemea kwamba kazi yake imekwisha na mjukuu anamngoja. Lakini miguu ilikuwa mizito. Yeye, kwake, hata ukificha sufuria chini ya kitanda wageni watainusa. Mtu anawezaje kuzeeka na sahani safi namna hiyo? Aligeuka, akarudi, akafungua mlango bila kubisha.

"Bosi, inuka. Twende kwangu."

"Haiwezekani. Mgeni akija je?"

"Mimi nipo," Afande alidakia kutoka uani, ambako sikio lake halikuwa mbali. "Niachieni supu. Akitokea nitamleta huko mwenyewe, na pingu juu."

Bwana Mabomba alicheka mpaka mshumaa mmoja ukazimika. Akazima na mingine.

Safari ile ilikuwa adhabu. Mama Pacha alimpakata samaki na trei yake, huku Bwana Mabomba akiendesha kama aliyebeba mayai, akisimama kila penye alama. "Kanyaga, baba!" alimsihi. "Hiyo taa hata ng'ombe hawaiheshimu saa hizi!"

Walikuta mabegi yameshatolewa mlangoni. "Mama! Tulishakata tamaa," bintiye alisema. Na ndani, kwenye mkeka, mama mzazi wa Mama Pacha, bibi kizee mwenye sauti kuliko mwili, alikuwa amempakata kitukuu chake.

"Huyu aliyefungwa sufu kama kondoo ni nani?"

"Mgeni, mama."

"Mlimwalika?"

"Hapana. Amekuja tu."

"Basi huyo ndiye mgeni. Wa kualikwa huja kukagua nyumba. Leteni kiti! Leteni sahani! Na wewe mwanangu, vua hilo godoro, utatufia."

Mama Pacha alikuwa ameshaweka samaki chini, ameshafuta viganja kwenye kanga, ameshanyoosha mikono. Lakini bibi kizee alilelewa kwamba kilicho bora ndani ya nyumba hutangulia kwa mgeni. Akampita binti yake kama nguzo, akamweka mtoto mikononi mwa Bwana Mabomba.

Bwana Mabomba aliganda. Alimshika yule mtoto kama bomba la kioo. Kisha akainama, akamnong'oneza jambo kwa lugha ya kwao, refu, na machozi yakachanganyika na jasho hata isijulikane kipi ni kipi. Hakuna aliyemharakisha. Mkwe alitazama saa, bintiye akamfinya.

Mama Pacha alisimama mikono ikiwa bado hewani. Alivumilia, akavumilia, kisha akasogea.

"Wahenga walisema mgeni siku mbili, bosi. Kwa huyu nimekupa dakika mbili. Haya, lete mjukuu wangu!"