Orodha ya Makaburi Arobaini na Moja

Kila Jumatatu saa tatu asubuhi Dimple alifungua duka la steshenari la baba yake pale Mafinga, akafuta vumbi kwenye mashine ya kutoa kopi, akachapa orodha ya makaburi. Ilikuwa na mistari arobaini na moja. Kampuni ya miti ilikuwa imekichukua kilima kimoja juu ya Igowole ili kupanda paini, na trekta halikuruhusiwa kuwashwa mpaka kila kaburi lionekane mahali orodha iliposema lipo, tayari kuhamishwa. Mkaguzi wa wilaya alipanda kilima kila Jumanne na nakala mpya mkononi, akakuta makaburi hayalingani na karatasi, akashuka bila kutia saini. Huo ulikuwa mwezi wa tatu wa kazi hiyo.

Chanzo kilikuwa mkono wa kushoto wa Andendekisye, mtendaji wa kijiji. Yeye ndiye aliyeandika orodha ya kwanza kwenye daftari: jina la mwenye nyumba, kimstari, kisha jina la marehemu wake, yote kwa herufi ndogo kama fomu ilivyotaka. Kimstari hicho wengi wetu hukiandika kikilalia kulia. Andendekisye hutumia shoto, na vyake vyote vililalia kushoto. Dimple alivinakili vilevile kwenye kompyuta kwa kuheshimu mwandiko wa mtu mzima, akafunga kila mstari ndani ya alama za kunukuu. Python, lugha ya kuiamuru kompyuta, alikuwa amejifunza miezi sita chuoni Mbeya, na wiki ya somo la vimstari hivyo alikuwa kitandani na malaria.

Katika lugha hiyo kimstari kilicholalia kushoto hakichapwi. Ni amri, nayo huishika herufi inayokifuata. Kikiishika n, maandishi yanashuka mstari mmoja. Kikiishika t, yanaruka mbele. Kikiishika b, yanarudi nyuma hatua moja, na kikiishika a, kengele inalia. Kikiishika r, yanarudi mwanzo kabisa wa mstari na kuandikwa juu ya kilichokuwepo. Herufi nyingine nyingi haziambiwi kitu, ndiyo maana akina Saulo, Marta na Yotamu walitulia makaburini mwao muda wote huo. Kaburi la Nsajigwa lilishuka tuta moja kila Jumatatu. Kwa ajili ya Amos kengele ya kanisa ililia yenyewe saa tatu na robo, na katekista alishazoea kuitumia kurekebisha saa yake.

Dimple aliona karatasi zinatoka kombo. Alidhani ni printa, iliyokuwa kuukuu.

Alhamisi moja akaingia mwanamke mwenye kitenge cha kijani, viatu vikiwa na tope la mlimani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye unayewachapa watu wetu?"

Aliitwa Esnath. Alikuwa na wawili kwenye orodha: Rabson mumewe, na Bertha binti yao, aliyefariki akiwa na miaka tisa. Alieleza kwa utaratibu, kama mtu anayeeleza dalili zahanati. Kaburi la Bertha lilikuwa linarudi nyuma hatua moja kila Jumatatu, na nyuma yake kuna korongo.

"Nimepima mwenyewe jana. Imebaki hatua moja. Jumatatu hii ukichapa, mwanangu anaingia korongoni."

Dimple alimvutia kiti, akafungua faili. Aliutazama mstari wa *esnath\bertha* mpaka masikio yakamuwaka moto. Akamwonyesha: ukiongeza kimstari cha pili mbele ya cha kwanza, kile cha mbele kinamnyang'anya mwenzake madaraka, na herufi inabaki kuwa herufi tu.

"Samahani sana, mama. Nawarekebisha wote sasa hivi."

"Hapana. Rekebisha Bertha. Baba yake muache."

Rabson alikuwa amerudi nyumbani tangu Jumatatu ya kwanza. Alikaa kwenye kigoda cha Esnath, akanywea kikombe cha Esnath, akalalia upande wa ukutani ambao ulikuwa wa Esnath. Majirani wakipita walimsalimia yeye kwanza. Kwenye karatasi jina la mke lilikuwa limefunikwa lote, ikabaki h ya mwisho.

"Nakula nimesimama," alisema Esnath. "Lakini siyo mkorofi. Na mashine yako ikiendelea kukosea, kilima bado chetu."

Dimple aliongeza kimstari kimoja, mahali pamoja. Jumatatu ile kaburi la Bertha lilirudi pale lilipochimbwa, na msalaba wake wa mbao ukasimama wima. Esnath alimtumia Dimple parachichi kumi na mbili kupitia kondakta wa basi. Dimple alifurahi wiki nzima, kwa maana ya kuanzia Jumatatu hadi Jumatano mchana.

Jumatano mchana alikuja bwana Samwel wa kampuni. Mkaguzi alikuwa amekuta kaburi moja linalolingana na karatasi, la kwanza katika miezi mitatu, na Samwel si mtu wa kupitwa na jambo.

"Hili umelifanyaje?"

"Nimeongeza kimstari."

"Kwa hiyo inawezekana. Ongeza kwa wote."

"Kuna wengine wangependa ibaki hivyo."

"Dimple, tunakulipa uchape. Kuuliza watu ni kazi yangu, na mimi sijauliza."

Mzee Vinubhai, baba yake Dimple, alimletea mgeni chai na kumtazama binti yake kwa macho ya kuomba. Kampuni ndiyo iliyokuwa inawapa kazi nyingi kuliko shule zote za Mafinga. Dimple alibonyeza *badilisha zote*. Ilichukua muda mfupi kuliko chai kupoa. Nakala ilitoka imenyooka, majina yote yamekaa, na kengele ya Igowole haikulia.

Saa hiyohiyo, Esnath alimweleza baadaye, Rabson aliweka kikombe chini kikiwa nusu, akakunja blanketi, akapanda kilima bila kuaga.

Mkaguzi hakungoja Jumanne, alitia saini kesho yake. Matrekta yalianza kazi Jumatatu, na lori likashusha masanduku arobaini na moja kwenye uwanja mpya wa makaburi Nyololo, kandokando ya barabara kuu. Kila sanduku lilikuwa na namba, na namba zililingana na orodha. Watu waliambiwa wasifungue, kwa heshima ya marehemu. Kabla ya mvua kukatika, miche ya paini ilikuwa imefika magotini.

Esnath alirudi dukani siku miche ilipopaliliwa mara ya kwanza.

"Nichapie mume wangu," alisema. "Ule mstari mmoja tu, kwa lile kosa la zamani."

Dimple hakubisha. Alifuta kimstari kimoja, akachapa. Karatasi ilitoka na *absonh*, kama zamani. Esnath aliikunja, akaenda kuwahi basi.

Siku ya tatu alikuja tena na mfuko wa sandarusi. Aliuweka juu ya kaunta, karibu na kalamu.

"Amekuja," alisema. "Nimemkuta kwenye kigoda."

Dimple alifungua mfuko. Ilikuwa moramu, ile nyekundu ya kujengea barabara, yenye vikokoto, bado mbichi. Aliingiza vidole na havikukuta kitu kingine. Alitaka kulia, akaona aibu kulia mbele ya mwenye msiba.

"Umempelekea bwana Samwel?"

"Nimempelekea, nikamwambia hiki ndicho mlichotia sandukuni. Amefungua orodha, akamkuta. Rabson, Nyololo, safu ya tatu. Akaniambia orodha haina kosa."

Dimple alivuta kibodi karibu. "Mama, acha nimchape na Bertha. Tujue."

Esnath alikuwa ameshaanza kufunga mfuko. Aliufunga mafundo mawili, akaupakata.

"Bertha usimchape," alisema.

Aliuliza karatasi ile ya juzi ni shilingi ngapi. Dimple alisema hakuna kitu, mama. Basi la Igowole lilikuwa limeshapiga honi mara mbili, na Esnath akatoka akiwa amembeba mumewe.