Kalamu Iliyoelekea Kigoda

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe nne Februari, jua likiwa tayari linachoma mabati ya mtaa wa Bulla Pesa, Isiolo. Erot alikuwa mlangoni akishona akala zake, viatu vya matairi, aliposikia watoto wakicheka pale njia panda. Msichana aliyejitanda mtandio mweusi alichuchumaa mavumbini akizungusha kalamu juu ya kibao.

Kalamu ikasimama. Ncha ikamwelekea Erot.

"Habari ya asubuhi, mzee? Mimi Deeqa. Nasomea digrii ya pili, mambo ya utafiti wa jamii. Nauliza watu habari za hospitali ya hapa."

"Wakubwa wamekutuma?"

"Kalamu ndiyo imenituma. Sichagui nyumba mimi. Nikichagua, mwalimu wangu anaitupa kazi yote."

Erot akaguna. Kwao wazee hurusha akala chini, wakasoma zilivyoanguka. Kumbe chuo kikuu nacho kinapiga ramli!

"Rudia," alisema. "Nimechoka na maswali."

Deeqa akaenda njia panda ya pili. Kalamu ikamrudia Erot. Lowoi, jirani muuza mandazi, akapaza sauti kumtania Erot, "Baba Ekai, leo umependwa! Mpe mgeni chai!" Erot akainuka kwa hasira, akaizungusha mwenyewe. Ikauelekea mlango wake. Watoto wakaacha kucheka.

Hospitali hiyo hakutaka hata kuisikia. Mwaka uliopita, wakati wa mgomo wa madaktari, alimsukuma mkewe Everlyne kwa mkokoteni mpaka getini. Mlinzi akampitisha mgonjwa, akamfungia mume nje. "Amri kutoka juu, mzee." Kulipokucha akapewa nguo za marehemu. Alizunguka ofisi zote. Kila mkubwa alimnyooshea mwenzake kidole. Jambo moja tu alitaka kulijua kabla hajamfuata mkewe kaburini: ni nani aliyetoa amri ile, mama wa watu akafa bila wa kumshika mkono.

Lakini kalamu ilikuwa imemchagua mara tatu; wakaingia ndani. Deeqa akaweka simu mezani irekodi.

"Watu wazima wanaolala hapa ni wangapi?"

"Wawili."

Neno lilimtoka kwa mazoea. Angeweza kulirudisha, lakini ulimi ukagoma. Kusema mmoja ni kuwakubalia wale wakubwa kwamba yamekwisha.

"Mwingine ametoka?"

"Yupo."

"Basi kalamu itachagua wa kujibu. Na akichaguliwa, hakuna wa kumjibia."

Akaizungusha sakafuni. Ncha ikampita Erot, ikapunguza mwendo kama mtu anayetafuta kiti gizani, ikatulia mbele ya kigoda kando ya jiko. Tangu mazishi, vumbi la Isiolo lilikuwa limefunika kila kitu mle ndani. Kigoda hicho kilikuwa safi, kimeng'aa katikati, kama kinavyong'aa kinachokaliwa kila siku.

"Ni cha mama?"

"Chake."

"Yuko wapi?"

"Muulize."

Deeqa akatazama mlango, akatazama kigoda. Akaelewa kwamba mwenyewe ni marehemu. Sijui ni sheria za chuo au ni huruma, akasema bismillahi kwa sauti ndogo, akauliza, "Siku uliyokwenda hospitali, mama, nani alikupokea?"

Deeqa akainama kusikiliza. Hata mafuta ya Lowoi huko nje hayakusikika yakichemka.

"Hakuna jibu, mzee."

"Asiyekuwapo na lake halipo," alisema Erot kwa uchungu. "Ndivyo walivyoniambia maofisini."

Deeqa akarudisha sauti nyuma kuhakikisha simu imerekodi. Wakasikia swali lake. Kisha chuma kikiburuzwa, kizito, kama geti. Kisha mwanamke, koo limekauka kwa kiu, lakini anaongea taratibu kama mtu aliyengoja zamu yake muda mrefu.

"Na mimi nina swali. Erot, nimekuita mpaka asubuhi. Nani alisema geti lifungwe?"

Deeqa akaangusha kalamu. Erot alikwenda kwenye kigoda, akaweka kiganja juu yake. Kilikuwa na joto.

"Umesikia kwa masikio yako," alimwambia Deeqa. "Sasa wapelekee wakubwa."

Na amewapelekea. Mwalimu wake alimwambia afute, hakufuta. Anaingia ofisi hii na ile, Erot nyuma yake na akala zake mkononi, simu inawekwa mezani. Wakubwa wanasikiliza, jasho linawatoka, wanasema huo si utafiti. Lakini kila inapowashwa, sauti ile huja karibu zaidi, mpaka juzi mkubwa mmoja aligeuka kutazama nyuma ya kiti chake.

Nani alisema geti lifungwe?